Maua Yaliyoishia Pwani

Ukitoka Mbozi, nchi ya kahawa na ukungu wa asubuhi, ukashika njia ya kuteremka Bonde la Rukwa, joto hukupokea kabla hujafika chini. Sweta unalivua njiani. Huko bondeni, kusini mwa ziwa ambalo mito huingia na hakuna hata mmoja unaotoka, ndipo ilipo Ivuna, leo kata ya Wilaya ya Momba katika Mkoa wa Songwe. Maji yasiyo na pa kutokea huliwa na jua, na kinachobaki ni chumvi. Kiangazi kikikolea, ardhi yenyewe hutoa weupe juu yake, kama mtu aliyemwaga unga akaondoka bila kufagia.

Tembea hapo macho yakiwa chini, utaona vigae. Ni vigae vya vyungu vya udongo, vingine vyekundu, vingine vyeusi kwa masizi, vinene kama kidole. Vingi si vya jana wala juzi. Katika miaka ya 1960 wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba Ivuna, na ripoti yao ikatoka mwaka 1968 katika jarida la Azania. Walionyesha kwamba watu walikuwa wakipika chumvi hapa kati ya karne ya 13 na ya 15, wakati ambao Kilwa ilikuwa katika fahari yake.

Nimeanzia Ivuna kwa kusudi, ingawa ninachotaka kusimulia ni habari ya kauri ya Uchina, zile sahani na bakuli nyeupe zenye maua ya rangi. Habari hiyo imezoeleka kuanzia Kilwa au Lamu na kuishia hukohuko, na mtu wa bara huisoma kama mgeni aliyeketi ukumbini mwa wenyewe. Mimi ni mtu wa bara. Nimesimama mbele ya kabati za makumbusho pwani, nimezitazama bakuli zile kwa mapenzi ya kweli, na kila mara nimejiuliza: wakati bakuli hizi zinapakuliwa jahazini, watu wa Ivuna walikuwa wakifanya nini, na kwa nini ua hili halikuwafikia?

Walikuwa wakipika chumvi. Kazi yenyewe ni ya kiangazi. Udongo wenye chumvi hukwanguliwa juu juu, maana utajiri wake uko kwenye ngozi ya ardhi. Hutiwa kwenye chujio, ukamwagiwa maji, nayo maji yakatiririka polepole yakibeba chumvi na kuacha mchanga. Maji hayo hutiwa chunguni, moto ukachochewa hadi yote yapotee na chumvi ibaki imeganda kwenye kuta za chungu. Hapo chungu kinalipa gharama. Chumvi hupenya katika vitundu vidogo vya udongo, huganda humo, hutanuka, na chombo kilichopika chumvi mara kadhaa huanza kumeguka chenyewe. Ndiyo maana mahali pa chumvi pana vigae vingi kuliko kijiji cha kawaida. Kila kigae cha Ivuna ni chungu kilichokufa kazini.

Sasa twende pwani. Chora mstari kutoka Ivuna kwenda mashariki, uupinde kidogo tu kusini, na baada ya zaidi ya kilomita 700 utafika Kilwa Kisiwani. Ibn Battuta alifika hapo mwaka 1331, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, akausifu mji. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa, lililojengwa juu ya jabali likitazama bahari. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi tangu mwisho wa miaka ya 1950, alikuta katika magofu ya mji huo vigae vya kauri kutoka Uchina: bakuli nzito za kijani kutoka matanuri ya Longquan, vyombo vyeupe vyenye kivuli cha samawati, na katika matabaka ya baadaye zile za nyeupe na buluu ambazo dunia nzima ilikuja kuzijua.

Chittick huyohuyo ndiye aliyekuwa mhariri wa Azania mwaka ilipotoka ripoti ya Ivuna. Napenda kuufikiria mkono huo mmoja, uliookota kigae cha Kichina Husuni Kubwa kisha ukageuza kurasa za vyungu vya chumvi. Nadhani hakuna mtu mwingine wa wakati ule aliyezishika pande zote mbili za nchi hii kwa namna hiyo.

Miaka michache kabla Chittick hajaanza kuchimba, mwaka 1955, mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipita pwani ya Tanganyika kati ya Dar es Salaam na visiwa vya Kilwa. Alistaajabu kwa wingi wa kauri zilizovunjika, nyingi kiasi cha kuzolewa kwa koleo. Akatoa kauli ambayo imerudiwa tangu siku hiyo, kwamba tangu karne ya 10 historia ya Tanganyika iliyozikwa ardhini imeandikwa kwa kauri ya Uchina. Nimeisikia kauli hiyo mara nyingi, na kila mara nakataa nusu yake. Historia ya pwani, sawa. Tanganyika ni kubwa kuliko pwani yake, na huku kwetu historia hiyohiyo ya karne zilezile imeandikwa kwa udongo mwingine.

Lakini ni haki kwanza kueleza kauri ni kitu gani, ili ieleweke kwa nini watu waliipenda hivyo.

Mji wa kauri ni Jingdezhen, katika jimbo la Jiangxi, kusini mwa Uchina. Karibu nao upo mlima uitwao Gaoling, na jina la mlima huo ndilo lililozaa neno kaolini, udongo mweupe usiogeuka rangi motoni. Kaolini peke yake haitoshi. Huchanganywa na jiwe lililopondwa kwa nyundo zinazoendeshwa na maji ya mto, likawa unga laini. Mchanganyiko huo hufinyangwa, ukapakwa maji ya kioo, ukatiwa tanurini hadi nyuzi 1300 hivi. Katika joto hilo jiwe huyeyuka ndani ya udongo na viwili huwa kitu kimoja. Chombo kinachotoka ni cheupe, chembamba hata mwanga hupenya, hakinywi maji, na ukikigonga kwa ukucha hulia kama kengele. Mfinyanzi wa Rukwa, aliyezoea moto wa wazi usiofika hata nyuzi 1000, angekishika na kujua papo hapo kwamba hili ni tanuri la namna nyingine kabisa.

Maua yalikuja kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuchora kwa kobalti, rangi ya buluu, moja kwa moja juu ya udongo kabla ya kupaka maji ya kioo. Tanuri likishafanya kazi yake, mchoro huwa chini ya kioo na hauguswi tena na kitu. Njia ya pili ndiyo ya enameli. Chombo huchomwa kwanza kikawa cheupe na kukamilika, kisha mchoraji huchukua unga wa kioo uliochanganywa na madini ya rangi, akachora juu yake. Chombo hurudishwa katika tanuri dogo la nyuzi 700 au 800, kiasi cha kuyeyusha rangi bila kuugusa mwili. Zima taa, pitisha kidole. Buluu ya chini ya kioo huisikii. Ua la enameli unalisikia, limeinuka kidogo, kama kovu lililopona vizuri.

Enzi ya Kangxi, mfalme aliyetawala kuanzia mwaka 1661 hadi 1722, enameli iliyotamalaki ilikuwa ya kijani, pamoja na nyekundu ya chuma, manjano na zambarau. Karibu na mwisho wa utawala wake ndipo ikaja rangi ya waridi, na rangi hiyo hutokana na dhahabu. Dhahabu huyeyushwa kwa tindikali, ikageuzwa chembe ndogo mno, na chembe hizo ndani ya kioo hutoa wekundu mwororo kama shavu la mtoto mchanga. Pamoja nayo ikaja nyeupe nzito isiyopitisha mwanga, na kwa kuchanganya hizo mbili mchoraji aliweza kulipa ua kivuli: petali ianze nyeupe ukingoni, izidi kuiva kuelekea moyoni. Wachina waliiita fencai, rangi laini. Wafaransa waliita famille rose, ukoo wa waridi. Chini ya wafalme waliomfuata Kangxi, Yongzheng na Qianlong, katika karne ya 18, ilifika kilele chake. Ua lililochorwa sana lilikuwa peoni, ambalo Wachina huliita ua la utajiri na heshima.

Padri Mfaransa, François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen, aliandika mwaka 1712 kwamba chombo kimoja hupita katika mikono ya watu wapatao 70. Mmoja anachora mstari wa duara ukingoni tu, maisha yake yote. Mwingine anachora muhtasari wa maua, na wa tatu anayatia rangi. Baadaye vyombo vingi vilikuwa vikipelekwa Guangzhou vikiwa vyeupe, vikachorwa huko karibu na bandari kwa kadiri ya matakwa ya wanunuzi wa nje. Sahani moja yenye peoni, basi, haikuwa kazi ya msanii mmoja mwenye jina. Ilikuwa kazi ya mji, kama vile chumvi ya Ivuna ilivyokuwa kazi ya watu wengi ambao hakuna aliyeyaandika majina yao.

Kauri ilifikaje kwetu? Watu hupenda kumtaja Zheng He, jemadari wa merikebu za utawala wa Ming, aliyefanya safari saba kati ya mwaka 1405 na 1433. Ni kweli kwamba Malindi ilimpeleka twiga Uchina mwaka 1415, na kwamba merikebu zake zilifika pwani hii. Ila tukimtegemea yeye tutapotea. Kauri ilikuwa imeshaanza kufika karne nyingi kabla yake na iliendelea kuja karne nyingi baada yake, na walioileta walikuwa wafanyabiashara wa kawaida wa Bahari ya Hindi: Wahindi, Waarabu, Waajemi, Waswahili wenyewe, ikipokelewa bandari hadi bandari, Gujarati hadi Maskati, Maskati hadi Unguja. Mwaka 1697, Ngome ya Yesu ya Mombasa ikiwa imezingirwa na Waomani, merikebu ya Kireno iitwayo Santo Antônio de Tanna ilizama mbele ya ngome hiyo. Wapiga mbizi walipoichunguza kati ya mwaka 1977 na 1980, miongoni mwa vitu walivyovitoa matopeni vilikuwa vyombo vya Kichina vya enzi ya Kangxi. Vita vinaendelea, watu wanakufa kwa njaa na tauni ndani ya ngome, na bado kuna sahani za kauri melini.

Pwani haikuzificha sahani hizo. Katika nyumba za mawe za Lamu, Pate na Unguja, ukuta wa ndani ulichongwa zidaka safu kwa safu, na kila kidaka kikapewa bakuli lake. Mwanga wa mlangoni ulipoingia ulizikuta rangi zile, ukarudi chumbani umepoa. Salme binti Said, mtoto wa Sayyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliyaeleza vizuri makabati hayo ya ukutani na vyombo vyake katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Kabla yake Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikuwa ameshayaweka katika Al-Inkishafi, pale alipotaka kuonyesha jinsi Pate ilivyoanguka. Hakuhangaika kuhesabu mali iliyopotea. Alionyesha madaka ya vyombo yakiwa sasa yamekaliwa na makinda ya ndege.

Na wafu nao walipewa. Kunduchi, ambayo leo imo ndani ya jiji la Dar es Salaam, kuna makaburi ya mnara ya karne ya 18 ambayo kuta zake zilipachikwa bakuli za Kichina. Mambrui, kaskazini ya Malindi, mnara wa kaburi ulivalishwa bakuli vivyo hivyo. Kila niliposimama mbele ya makaburi ya namna hii nimeona mashimo ya duara zaidi ya bakuli zenyewe, kwa sababu wezi na wapenda vitu vya kale wamezibandua. Shimo lile linauma kulitazama, duara safi kabisa la chokaa, na katikati kovu la patasi.

Pale zilipobaki, jambo moja linajionyesha. Buluu iliyo chini ya kioo ingali buluu kama siku ilipochorwa. Enameli iliyo juu imeliwa. Jua, mvua, chokaa na upepo wenye chumvi ya bahari huilamba rangi kidogo kidogo, waridi huondoka, kijani huondoka, hadi ukikitazama chombo upande upande kwenye mwanga unaona kivuli tu cha petali, palipofifia kidogo kuliko pembeni. Nimeliona ua namna hiyo mara moja. Ilinibidi nipige magoti na kusogea kulia na kushoto mpaka likajitokeza, peoni nzima, bila rangi hata chembe.

Chumvi ndiyo iliyolila. Nami hapo nikakumbuka Ivuna.

Maana swali langu limekaa muda mrefu bila jibu. Kwa nini kauri ilifika Zimbabwe Kuu, mbali bara kusini, ambako vigae vya kijani vya Uchina vilikutwa ndani ya kuta za mawe, lakini katika sehemu kubwa ya bara ya Tanganyika haikupenya ila kwa nadra sana? Jibu ninaloliamini ni rahisi, na liko kwenye mzigo wa kurudi. Zimbabwe Kuu ilikuwa na dhahabu. Dhahabu ilishuka hadi Sofala, ikachukuliwa na watu wa Kilwa, na kwa kuwa dhahabu ni ndogo mkononi na kubwa bei, iliweza kulipa gharama ya kupandisha bakuli kutoka baharini hadi ikulu ya mfalme.

Ivuna ilikuwa na chumvi. Chumvi ni mali, tena mali ya kweli. Mtu wa Ufipa, mtu wa Mbozi, mtu wa ng'ambo ya Mto Momba, wote walihitaji chumvi, na kwa chumvi wangetoa jembe, nafaka, mbuzi. Lakini mtu wa Kilwa hakuihitaji. Bahari iko mlangoni kwake, akichota maji akayaanika anapata chumvi. Kwa hiyo chumvi ya Ivuna ilikuwa na njia zote isipokuwa njia moja, ile ya kwenda mashariki. Njia ambayo mzigo haushuki, bakuli haipandi. Hapakuwa na unyonge wowote katika hilo, wala ukosefu wa akili ya biashara. Soko la Ivuna lilikuwa limekamilika lenyewe, limeelekea kwingine, na kwa karne mbili tatu liliwalisha watu wake bila kuomba kitu baharini.

Misafara mikubwa ilipokuja karne ya 19 ilifuata pembe za ndovu na, kwa aibu ya nyakati zile, watu. Tippu Tip alimshinda Nsama wa Itabwa mwaka 1867, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, na nchi za Rukwa zikaingia katika mahesabu ya Unguja. Sasa pembe zilishuka, kwa hiyo vitu vilipanda. Lakini vilivyopanda vilikuwa merikani, kaniki, shanga na waya wa shaba. Fikiria mpagazi mwenye mzigo wa frasila mbili kichwani, karibu kilo 32, kwa miezi mitatu, akivuka mito, akianguka, akiamka. Nguo ikianguka hukung'utwa. Kauri ikianguka safari imekwisha. Mfanyabiashara mwenye akili hakuthubutu.

Huko pwani nako kauri ya Uchina ilikuwa imeanza kupata mshindani. Viwanda vya Ulaya, hasa vya Maastricht nchini Uholanzi, vilianza kupeleka Afrika Mashariki sahani za bei nafuu zenye maua makubwa yaliyopakwa kwa haraka, mengine kwa sponji tu. Zilijaa Unguja na Lamu, zikaingia katika zidaka zilezile. Baadhi ya sahani ambazo leo huonyeshwa kwa fahari kama za Kichina nyumbani mwa watu ni za Maastricht. Zigeuze utaona muhuri. Sioni sababu ya kuzidharau, maana bibi aliyezipanga ukutani alipenda ua, na ua alilipata.

Tarehe 16 Desemba 1938 Ivuna ilipata mgeni wake, wala hakutoka baharini. Jiwe lilianguka kutoka angani, na vipande vilivyookotwa vilikuwa na uzito wa gramu 705. Ni jiwe laini, jeusi, na wanasayansi walipolichunguza walikuta kwamba sehemu yake kubwa ni madini ya jamii ya udongo, yaliyotokana na mwamba uliokaa na maji huko anga za mbali tangu mwanzo wa mfumo wa jua. Muundo wake unakaribiana na wa jua lenyewe kuliko karibu mawe mengine yote. Kundi lake duniani huitwa CI, na herufi I ni ya Ivuna. Vipande vya sayari ndogo Ryugu vilivyoletwa na Wajapani mwezi Desemba 2020 vilipofunguliwa, vilifananishwa na jiwe hili. Maabara za dunia zinaitaja Ivuna kila mwaka kwa sababu ya udongo. Najua jambo hili liko pembeni ya habari yangu, lakini siwezi kuandika neno udongo na neno Ivuna katika ukurasa mmoja nikalipita kimya.

Ua la Uchina lilikuja kufika mkoani kwetu. Lilichukua miaka mia sita hivi, na lilikuja kwa reli.

Mkataba wa kujenga Reli ya TAZARA ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967 kati ya Tanzania, Zambia na Uchina. Ujenzi ulianza mwaka 1970. Mataruma yalitandikwa kutoka Dar es Salaam, yakapanda milima ya Udzungwa, yakapita Makambako, Mbeya, Vwawa, na mwaka 1973 yakavuka mpaka pale Tunduma kuingia Zambia. Reli nzima, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, ilikabidhiwa mwezi Julai 1976. Wachina waliokuja kuijenga walihesabiwa kwa maelfu mengi, na waliofia kazini wamezikwa nchini. Makaburi yao yaliyo Gongo la Mboto yanatunzwa hadi leo.

Kinachonigusa mimi katika mpango ule ni namna ulivyolipiwa. Gharama za ndani, mishahara ya vibarua na mahitaji ya hapa, zililipwa kwa sehemu kubwa kupitia bidhaa. Uchina ilituma mali kwa mkopo, maduka ya umma yakaziuza, na fedha zilizopatikana zikalipa kazi ya reli. Kwa maneno mengine, chombo cha Kichina kilichonunuliwa dukani kilikuwa ni sehemu ya taruma. Sasa bara ilikuwa na mzigo mwingine wa kurudi, na mzigo huo ulikuwa jasho la vijana wetu.

Ndipo zikaja chupa za chai zenye peoni. Kila aliyekua nyakati zile anazijua: mwili wa bati, kifuniko kama kikombe, na ubavuni ua kubwa la waridi lenye majani ya kijani, wakati mwingine na ndege. Zikaja beseni nyeupe zenye maua chini, ukinawa uso unaliona ua likitikisika majini. Zikaja sahani za bati, masinia, bakuli. Zile ni enameli pia. Chuma hupakwa unga wa kioo, kikachomwa kwa nyuzi kama 800, kioo kikayeyuka na kukishika. Ni ufundi wa jamii moja na ule wa fencai, moto wa kadiri ileile, ua lilelile. Mwili tu ndio uliobadilika: badala ya kaolini ya Gaoling, karatasi ya chuma. Na kwa kubadilisha mwili, Wachina waliondoa kile kikwazo cha kale. Bakuli la bati likianguka kutoka kichwani mwa mpagazi hulia tu, likaokotwa, safari ikaendelea.

Bibi yangu alikuwa na bakuli moja la namna hiyo, Mbozi, alilolinunua miaka reli ilipokuwa ikipita. Lilikaa jikoni juu ya kichanja, na kazi yake ilikuwa moja: kutunza chumvi. Kwake hapakuwa na ajabu yoyote katika hilo. Ndani, chini, lilikuwa na peoni mbili, moja imefunguka na nyingine bado tumba, na chumvi ilipopungua maua yakaanza kuonekana kidogo kidogo. Sisi wajukuu tulijua kwamba ua likionekana lote, mmoja wetu atatumwa dukani.

Ukingoni lilikuwa limebanduka, labda siku lilipoanguka. Pale enameli ilipotoka, chuma kilibaki wazi, nayo chumvi haikukiacha. Kutu ilianza kama nukta, ikawa pete ya kahawia, ikaingia chini ya kioo na kukiinua, hadi petali moja ya ua lililofunguka ikabaki nusu.

"Bibi, hili bakuli limeliwa," nilimwambia siku moja, nilipokuwa mkubwa kiasi cha kujiona najua. "Kwa nini hulitupi tukuletee la plastiki?"

Alilichukua, akalipindua kwanza akamimina chumvi yote kwenye ungo, akalipitisha mkono ndani, polepole, kidole gumba kikafuata ukingo wa petali mpaka pale inapokatika.

"Mjukuu wangu, halivuji," akasema, akaanza kuirudisha chumvi, konzi baada ya konzi, mpaka maua yakafunikwa.